Tabia ya mnyama ni kile anachofanya

Maonyesho ya sayansi yakikaribia, maswali ya miradi ni yale yale: samaki wanapenda muziki? Mbwa ana wivu? Kwa nini paka ni mkaidi? Na kila mwenye swali atakwambia anachunguza tabia ya wanyama. Bado hajaanza.

Tabia, kwa maana ya kisayansi, ni kile mnyama anachofanya ambacho kinaweza kuonekana, kuhesabiwa au kupimwa muda wake. Anatembea, anasimama, anageuza kichwa, analia. Basi. Hofu, upendo, wivu na ukaidi ni tafsiri ya mtazamaji. Huenda tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haijaonekana na mtu.

Mguse jongoo kwa unyasi. Atajikunja kama pete, kichwa kikiwa ndani, atatulia hivyo, kisha atajikunjua taratibu na kuendelea na safari yake. Mwanafunzi anaandika: "Jongoo aliogopa." Muda aliokaa amejikunja hakuupima, maana jibu alishalipata. Watu wawili wenye saa wangekubaliana juu ya sekunde hizo, au wangepishana kidogo tu. Juu ya kiasi cha hofu wangebishana mpaka usiku.

Wapo wanaoona huku ni kutafuta makosa madogomadogo. Basi wamkumbuke Hans, farasi wa mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, aliyewashangaza watu Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Aliulizwa hesabu, akajibu kwa kugonga ardhi kwa kwato hadi idadi sahihi. Watu wakasema farasi anajua hesabu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alitoa matokeo ya majaribio yake: muulizaji asipojua jibu, au farasi asipomwona, Hans alikosea. Alikuwa akifuata vijitikiso vidogo vya kichwa na mwili ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavifanya. Kugonga kwato kulikuwa tabia. Kujua hesabu ilikuwa tafsiri, na hata mwenye farasi, ambaye hakuwa tapeli, aliiamini.

Lakini neno linaloniudhi kuliko yote ni "kupenda". Wako wale viumbe wadogo wa kijivu wanaojificha chini ya mawe na magogo yenye unyevu, wenye jozi saba za miguu. Kila mtu huwaita wadudu, ingawa ni jamaa ya kaa na kamba. Ni chaguo zuri kwa mradi. Chukua chombo, upande mmoja uwe mkavu na mwingine uwe na unyevu, waweke humo, subiri. Wengi utawakuta upande wenye unyevu, na bango litaandikwa kwa herufi kubwa: WANAPENDA UNYEVU.

Sasa rudia, ila safari hii mfuate mmoja mmoja. Kwenye ukavu hutembea zaidi, tena kwa kasi. Kwenye unyevu hupunguza mwendo, na wengi husimama kabisa. Hiyo peke yake inatosha kuwafanya warundikane upande mmoja, hata kama hakuna hata mmoja aliyeutafuta: ni wazi kwamba anayesimama mahali atakutwa hapo. Mwanafunzi aliyehesabu vichwa mwishoni tu hawezi kujua kama walichagua au walikwama. Aliyepima mwendo ana mradi wenye kitu cha kueleza, na jaji akimuuliza "umejuaje?" atafungua daftari.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa mnyama yeyote, andika orodha ya matendo utakayoyahesabu, kila moja na maelezo yake. "Amesimama" maana yake nini? Miguu yote imetulia kwa sekunde tano, au hajavuka mstari tu? Mpe mwenzako orodha hiyo, mtazame video moja kila mtu kivyake, kisha mlinganishe hesabu. Zikipishana sana, kirekebisheni kwanza kile mlichoandika. Mnyama hana kosa.

Na yule wa samaki na muziki asivunjike moyo, swali lake linarekebishika: je, samaki hukaa karibu na spika kwa muda mrefu zaidi muziki unapopigwa kuliko kunapokuwa kimya? Neno "kupenda" aliweke kwenye sehemu ya mjadala ya ripoti yake, kama uwezekano mmojawapo, pamoja na ule wa kwamba labda kilichowavuta ni mtetemo wa maji.