Stakabadhi za Mizani Mbele ya Kamati ya Bunge

Mzee mmoja alikuja kwenye kikao cha kamati ya Bunge cha kukusanya maoni Mumias, magharibi mwa Kenya, akiwa na bahasha ya kaki iliyochakaa kwapani. Alipopewa kipaza sauti alizungumza kama dakika kumi. Alieleza jinsi miwa yake ilivyokauka shambani akingojea trekta, jinsi kijana wake alivyoacha shule akiwa kidato cha tatu, na jinsi alivyofika ofisini mara nne bila kulipwa. Watu walimpigia makofi na mama mmoja nyuma yangu akafuta machozi.

Baadaye nilichungulia daftari la karani aliyekuwa akinukuu. Maneno yote yale yalikuwa yameingia kwa mstari mmoja: mkulima, hajalipwa, anaomba asaidiwe.

Karani hakuwa na kosa. Mzee hakutaja anadai nani, miwa ya msimu gani, tani ngapi, wala anataka Bunge lifanye nini. Yote hayo yalikuwa ndani ya bahasha, kwenye stakabadhi za mizani zenye tarehe na uzito wa kila trela, na bahasha ilirudi naye nyumbani. Kazi yangu siku hizi ni kuelimisha umma kuhusu shughuli za Bunge, na zamani niliketi upande ule wa karani. Nimeona bahasha nyingi zikirudi nyumbani namna hiyo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na chumba chenyewe. Bunge tunaloliona kwenye runinga, la siwa na Spika na wabunge kurushiana maneno, ndipo uamuzi unapopigiwa kura. Uchunguzi haufanyikii pale. Wabunge 349 hawawezi kumhoji katibu wa wizara kuhusu hesabu za kiwanda kimoja wakamaliza kabla ya usiku. Ndiyo maana Kifungu cha 124 cha Katiba kinaziruhusu Bunge la Taifa na Seneti kuunda kamati, yaani kundi dogo la wabunge linaloketi mezani na makaratasi, wakati mwingine kwa miezi, juu ya jambo moja. Ziko za idara, kwa mfano ya kilimo, ya afya au ya fedha. Ziko za kukagua hesabu za serikali na mashirika yake. Na ziko za muda, zinazoundwa kwa tukio moja kisha zikavunjwa. Bwawa la Solai kule Nakuru lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, Seneti iliunda kamati ya namna hiyo. Waliokuwa wamepoteza ndugu walipata mahali pa kueleza yaliyowakuta, na wenye mamlaka ya maji na mazingira wakaulizwa nani aliidhinisha nini.

Uwezo wa kamati si mdogo. Kifungu cha 125 kinaipa nguvu kama za Mahakama Kuu katika mambo matatu ya msingi: kumwita shahidi, kumlisha kiapo, na kumlazimisha alete hati. Anayeitwa akakaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, na magavana kadhaa wameonja hilo mbele ya kamati za Seneti. Lakini kamati si mahakama. Haiwezi kuamuru mzee wa Mumias alipwe kesho asubuhi. Inachoweza ni kuchimbua ukweli, kuuandika, na kulipendekezea Bunge hatua. Wananchi wengi wanaotoka vikaoni wakilalamika kwamba wamepotezewa muda walikuja wakitarajia hukumu.

Miwa ndiyo mfano ninaoutumia mara nyingi huku kwetu, kwa sababu imepita kwenye meza za kamati pengine kuliko zao lolote la magharibi. Kulikuwa na Sheria ya Sukari ya 2001. Ikaja Sheria ya Mazao ya 2013 ikaifuta, na usimamizi wa sukari ukaingizwa katika mamlaka moja kubwa pamoja na chai, kahawa, pamba na mengineyo. Wakulima wakalia kwamba zao lao limekosa mwenyewe. Kiwanda cha Mumias, ambacho kiliwahi kuwa fahari ya Kakamega nzima, kikaelemewa na madeni hadi mwaka 2019 benki ikakiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya mdai. Mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe, akawasilisha mswada wa kurudisha Bodi ya Sukari. Ulipita kwa kamati na Bunge la Taifa, ukaenda Seneti, ukabishaniwa, na ukatiwa saini na Rais Novemba 2024. Umerudisha bodi, na umerudisha pia ushuru wa kuendeleza sukari usiozidi asilimia 4.

Msomaji atauliza, mkulima aliingilia wapi hapo? Aliingilia kwenye hatua ya kamati. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati ya idara husika, na kamati hulazimika kuwasikiliza wananchi kabla ya kuandika ripoti. Swali la nani atakaa kwenye bodi, au pesa za ushuru zigawanywe vipi kati ya barabara za miwa, utafiti wa mbegu na viwanda, hushughulikiwa kifungu kwa kifungu. Mkulima anayesimama akasema sukari imekufa atapigiwa makofi. Anayesema kifungu fulani kiongezwe maneno haya, ili wakulima wenyewe ndio wachague wawakilishi wao, anampa karani kitu cha kuandika na mbunge kitu cha kutetea. Nakiri kwamba hili si haki kabisa. Si kila mtu anaweza kupata nakala ya mswada, na nakala nyingi ziko kwa Kiingereza cha mawakili. Ndiyo maana nashauri vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika na hata vikundi vya makanisa viteue watu wawili watatu wa kusoma na kuwaeleza wengine, badala ya kila mtu kungoja zamu yake ya kipaza sauti.

Mlango wa mswada si wa pekee. Upo wa bajeti: makadirio ya serikali hufikishwa Bunge la Taifa kabla ya mwisho wa Aprili, na kamati inatakiwa na Katiba kutafuta maoni ya umma kabla ya kuyapitisha. Upo wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ripoti zake kamati za hesabu huzitumia kumhoji mhasibu na katibu ukurasa kwa ukurasa. Ripoti hizo ziko wazi. Ukitaka kujua pesa za kaunti yako zilivyotumika, anzia hapo kabla ya kuanzia kwa porojo za sokoni. Na upo wa ombi rasmi, ambalo Bungeni huitwa ardhilhali. Nitalirudia.

Kabla ya hapo, tuseme kuhusu mwisho wa safari ya ripoti, kwa sababu hapo ndipo watu hukata tamaa. Ripoti ya kamati ni karatasi tu mpaka Bunge zima liipitishe, na Bunge lina haki ya kuikataa. Huku kwetu tunalijua hilo vizuri. Mwaka 1975, baada ya mbunge J.M. Kariuki kuuawa, Bunge liliunda kamati iliyoongozwa na Elijah Mwangale wa Bungoma. Ripoti yake ilipita kwa kura 62 dhidi ya 59, na Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, akafutwa kazi kwa kuiunga mkono. Ilipitishwa, lakini utekelezaji haukuonekana. Kisha likaja suala la Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, ambaye mwili wake ulipatikana karibu na nyumbani kwake Koru mwaka 1990. Kamati iliyoongozwa na Gor Sunguh, mbunge wa Kisumu, ilianza kulichunguza miaka 13 baadaye, na ripoti yake ilipofika mbele ya Bunge ilikataliwa. Mwaka 2018 kamati mbili ziliketi pamoja kuchunguza sukari ya magendo, wananchi wakiwa na hofu kwamba wanakunywa sumu na chai yao, na ripoti hiyo nayo Bunge likaikataa mwezi wa Agosti.

Yaliyosemwa mbele ya kamati hayafutiki ripoti ikikataliwa. Yamenukuliwa na yanaweza kutumiwa tena. Ila asiyejua kwamba kuna kura nyingine mbele huacha kufuatilia siku ile kamati inapoondoka na magari yake.

Nawe ukiipata ripoti, ruka kurasa za mwanzo uende kwenye mapendekezo, kisha tazama kitenzi. Pendekezo linalosema "wizara husika ichukue hatua zinazofaa" ni ugali bila mboga. Linalomtaja katibu wa wizara fulani, likasema alipe au achunguze nini, na ndani ya siku ngapi, hilo lina mtu wa kuulizwa. Kanuni za Bunge la Taifa zinampa waziri siku 60 tangu ripoti ipitishwe kueleza amefanya nini, na iko kamati maalumu ya utekelezaji inayopokea maelezo hayo. Mbunge wako unaweza kumuuliza swali hilohilo kwenye mazishi au kwenye mkutano wa basari: siku 60 zimeisha, waziri alijibu nini? Nimeona swali hilo likimnyima mheshimiwa raha kuliko matusi ya jukwaani.

Kuna wakati kamati inasikiliza na bado isitoshe. Juni 2024, Kamati ya Fedha, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Kuria Kimani wa Molo, kaunti ya Nakuru, ilipokea maoni mengi kuhusu Mswada wa Fedha. Ikapendekeza kuondolewa kwa ushuru wa mkate na ule wa magari. Kwa utaratibu wa kamati, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini vijana waliokuwa barabarani Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko walikuwa wakikataa mswada wote, na fomu ya kamati ina safu ya "kifungu" na safu ya "pendekezo", haina safu ya kukataa kila kitu. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, kuna waliopoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini mswada huo. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaiharamisha Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia, mojawapo ya sababu ikiwa namna wananchi walivyoshirikishwa, ingawa Mahakama ya Juu Zaidi iliutengua uamuzi huo Oktoba. Maoni yangu binafsi ni kwamba kamati ingefaa ieleze kwa maandishi kwa nini imekataa pendekezo, hata kwa sentensi moja. Mtu aliyenyimwa na akaelezwa hurudi mwakani. Aliyenyamaziwa harudi.

Sasa ardhilhali. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Hulipii chochote na huhitaji wakili. Huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta, na kupelekwa kwa Karani wa Bunge moja kwa moja au kupitia mbunge. Lazima useme ulishajaribu kwa nani kabla ya kuja Bungeni na ulijibiwa nini. Useme pia kama jambo hilo liko mahakamani. Mwishoni ueleze waziwazi unachotaka Bunge lifanye, halafu waombaji waweke majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi, au alama ya kidole gumba kwa asiyeandika. Likikubaliwa, kamati ina siku 60 za kukujibu.

Pima pia mlango kabla ya kubisha. Dawa zikikosekana kwenye zahanati ya kijijini, au barabara ya wadi ikiwa mashimo, kamati iliyo karibu nawe ni ya Bunge la Kaunti, nalo lina uwezo wa kuita mashahidi vilevile. Pesa za kaunti zikitiliwa shaka, Seneti. Sera ya sukari, uagizaji kutoka nje na viwanda vya umma ni mambo ya Nairobi. Kilimo kwa jumla kimegatuliwa, na hapo ndipo wakulima wa miwa hurushwa kama mpira, gavana akisema ni kazi ya waziri, waziri akisema ni ya gavana. Ombi zuri huwataja wote wawili na kuomba kamati iwaite siku moja, chumba kimoja.

Yule mzee nilikutana naye tena, chini ya mwembe nje ya ukumbi. Tulizimwaga stakabadhi mezani kwa muuza chai tukazipanga kwa tarehe. Mbili zilikuwa zimelowa maji, nambari hazisomeki, tukaziweka kando. Zilizobaki zilitosha kujaza jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, tani, bei ya siku hiyo, kilicholipwa, kilichobaki. Majirani zake saba wakaja na zao jioni. Mwalimu mstaafu akashika kalamu. Kwenye sehemu ya ombi walibishana hadi giza likaingia, mmoja akitaka kiwanda kifungwe na mwingine akitaka fidia ya karo, kabla ya kukubaliana juu ya jambo moja: kamati imwite msimamizi wa kiwanda aje na daftari la mizani la misimu miwili, lilinganishwe na stakabadhi zao.

Mzee akauliza kama kidole gumba kinakubalika. Nikamwambia kinakubalika. Akakichovya kwenye wino wa muhuri wa chama cha ushirika, akakibonyeza polepole, kisha akazirudisha stakabadhi kwenye bahasha. Safari hii aliifunga kwa uzi na kumpa mwalimu amhifadhie hadi siku ya kikao.