Wazo lililotangulia wakati wake: maana yake

Wazo lililotangulia wakati ni biashara yenye mteja wa kweli na bidhaa inayofanya kazi, ila vitu vinavyoibeba bidhaa hiyo havijafika: wasambazaji, umeme, barabara, mafundi, njia ya kulipana. Mwenye biashara hulazimika kuvigharamia mwenyewe, na mtaji hukata kabla havijafika. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Watu wengi huchanganya wazo hili na wazo baya, kwa kuwa yote mawili humaliza pesa. Tazama wateja wa mwanzo. Wakinunua mara moja wasirudi hata ukishusha bei, tatizo ni bidhaa. Wakirudi na kuleta majirani, huku gharama ya kumhudumia kila mmoja ikigoma kushuka, umetangulia wakati.

Chukua ufugaji wa sato kwenye vizimba, ambao sasa unaonekana sehemu nyingi za ufukwe wa Mwanza. Kizimba chenyewe si kazi ngumu: fremu ya mabomba, maboya, nyavu na nanga. Ugumu uko kwenye chakula kinachoelea, vifaranga bora na barafu. Tuseme umepandikiza vifaranga 5,000, wakafa asilimia 10, ukavuna waliobaki wakiwa na gramu 400 kila mmoja. Hizo ni kilo 1,800. Ikiwa kila kilo ya samaki imekula kilo 1.6 za chakula, umetumia kilo 2,880. Sasa kama chakula hakiuzwi karibu, na kila kilo inakufikia ikiwa na nyongeza ya shilingi 1,000 ya usafiri, kizimba kimoja kimemeza shilingi 2,880,000 za ziada. Kila kilo ya sato imepanda shilingi 1,600 kabla haijafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na pale inakutana na sato wa ziwani ambaye hakulishwa na mtu.

Ucheleweshaji unaumiza kuliko bei. Lori lisipofika kwa wiki mbili, mfugaji hupunguza mlo, samaki hudumaa, na mavuno husogea mbele. Marejesho ya mkopo hayasogei.

Hata wenye mitaji mikubwa hukwama hapa. Nchini Marekani, Webvan ilianza mwaka 1999 kupeleka vyakula majumbani kwa oda za intaneti. Ilijenga maghala yake na kununua magari yake wakati familia nyingi hazijazoea kununua hivyo, ikafilisika mwaka 2001. Leo huduma hiyo ni ya kawaida. Kinyume chake, M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, simu zikiwa tayari mikononi mwa watu. Pengo kubwa lililobaki lilikuwa mawakala, na nguvu zikaelekezwa hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa, andika kila kitu ambacho biashara yako inakitegemea kwa mtu mwingine. Mbele ya kila kimoja andika nani anakiuza leo, wapi, kwa bei gani, na kikikosekana utafanyaje. Pengo moja linabebeka. Mapengo matatu kwa mtaji wa mtu mmoja hayabebeki, hata wateja wakupigie simu kila siku.

Ukikuta mapengo ni mengi, huna haja ya kulitupa wazo. Anza na kizimba kimoja badala ya vinne, au geukia pengo lenyewe: anayeuza vifaranga na barafu hulipwa na wafugaji wote. Njia nyingine ni wafugaji watano kuagiza chakula pamoja ili wagawane lori. Msiagize cha zaidi ya miezi miwili, maana unyevu wa ufukweni hukiotesha ukungu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Andika pia bei ambayo chakula kikiuzwa hapa Mwanza kwa miezi mitatu mfululizo bila kukatika, ndipo utaongeza kizimba cha pili.