Namba za bahati nasibu kwenye Arduino: tunayoamini na yanayotokea kweli

Dhana: random() inachagua namba kwa bahati.

Haichagui kitu. Ndani ya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, ni hesabu tu, inachukua namba iliyopita, inaizidisha kwa 16807, inagawanya kwa 2147483647 na kinachobaki ndo namba inayofuata, alafu nayo inapitishwa humohumo. Ndo maana ukizima kifaa ukawasha tena taa zinawaka kwa mpangilio uleule wa jana na mtu anadhani bodi imekufa, kumbe hajaweka mbegu, yaani namba ya kuanzia, ile ya randomSeed(). Na kujirudia huko kuna faida kubwa jamani: ukisaka kosa kwenye programu, weka mbegu moja tu na kosa litatokea palepale kila ukiwasha.

Dhana: ukisoma pini (mguu wa bodi wa kuunganishia waya) isiyoungwa popote, mbegu umepata.

Hapa ndo wengi wanakwama, maana randomSeed(analogRead(A0)) imekopiwa kila mahali. Kwenye Uno analogRead, amri ya kupima umeme wa pini, inatoa 0 mpaka 1023, kwa hiyo hata mambo yakinyooka kabisa una mianzo isiyozidi 1024, na pini inayoelea mara nyingi inazungukia namba chache zinazokaribiana, vifaa viwili vinaweza kabisa kuanza sawa. Ikisoma 0 ndo mbaya zaidi, randomSeed() inaipuuza kimyakimya na unabaki na mlolongo wa siku zote. Kama kifaa kina kitufe, subiri mtu abonyeze ndo uchukue micros(), yaani muda tangu bodi iwake, kwenye Uno inahesabu kwa hatua za maikrosekunde 4 na hakuna kidole kinachoweza kulenga hapo. Kama hakina, soma pini mara nyingi, kila mara chukua biti (tarakimu ya 0 au 1) ya mwisho tu, zikusanye mpaka zifike 32 na uzichanganye.

Dhana: ukiweka mbegu upya kila mzunguko wa loop (sehemu ya programu inayojirudia), namba zinakuwa za bahati zaidi.

Unaziharibu. Kila namba sasa inategemea ile pini peke yake. Weka mara moja kwenye setup(), sehemu inayopitiwa mara moja tu bodi ikiwaka, basi.

Dhana: alama ya % (inayotoa kinachobaki baada ya kugawanya) inagawa nafasi sawasawa.

Chukua baiti moja, 0 mpaka 255, weka % 100. Hapo 0 mpaka 55 kila moja ina njia tatu za kutokea, ila 56 mpaka 99 zina mbili tu, tofauti kubwa hiyo! Baiti ikiwa 200 au zaidi itupe, vuta nyingine.

Na dadu ni random(1, 7), ukiandika random(1, 6) sita haitoki kamwe, maana namba ya mwisho haihesabiwi.

Dhana: random() inatosha kutengeneza nenosiri.

Tafadhali usifanye hivyo. Akiiona namba moja nzima iliyotoka, mtu anakokotoa zote zinazofuata kwa kuzidisha tu kama nilivyoeleza pale juu. ESP32, chipu nyingine yenye Wi-Fi, ina esp_random() inayovuna kelele za umeme ndani ya chipu yenyewe, ila hakikisha Wi-Fi au Bluetooth imewashwa, la sivyo kwa kawaida hakuna uhakika kwamba namba zake ni za bahati kweli.