Chumvi Isubiri Hadi Kesho

Wiki hii nimempokea tena mgonjwa aliyeng'olewa jino, mwenye tundu tupu na mfupa unaoonekana, huku maumivu yakimpanda hadi sikioni, na maelezo yake ni yale yale: alipofika tu nyumbani alichemshiwa maji ya chumvi, akasukutua mpaka mate yakawa meupe.

Hayo mate ndiyo chanzo cha balaa. Damu kidogo ikichanganyika na mate, kinywa kizima huonekana chekundu, na mtu huamini kwamba damu imekataa kukata. Basi husukutua, hutema, husukutua tena, na kila mara huondoa donge la damu ambalo mwili umelitengeneza ili kuufunika mfupa na kuotesha nyama mpya. Mate mekundu hafifu ni jambo la kawaida siku ya kwanza, yameze.

Sina ugomvi na chumvi. Baada ya saa 24 mimi mwenyewe huagiza nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula, mgonjwa akiinamisha kichwa upande huu na ule bila kuvuta mashavu, kisha akiyaacha maji yadondoke yenyewe. Kosa liko katika wakati na nguvu, kwa hiyo hata maji matupu, yakisukutuliwa kwa kishindo jioni ile ile, yanaweza kuliondoa donge. Wanaoniambia kwamba kidonda lazima kioshwe wanafikiria mguu uliokwaruzwa barabarani, wenye mchanga. Tundu la jino halina mchanga.

Mengine ni mepesi. Ng'ata shashi kwa dakika 30 hadi 45 bila kuchungulia, usile kabla ganzi haijaisha, acha sigara, endelea kupiga mswaki meno mengine. Utando mweupe au wa manjano unaotokea baadaye kwa kawaida si usaha, hivyo weka mbali kijiti chako.

Hata hivyo, nikiri kwamba wapo wanaofuata yote haya na bado tundu likakauka, yaani likapoteza donge na kuacha mfupa wazi, hasa kwenye magego ya chini, na wapo wavutaji sigara wanaopona vizuri mno. Inaelekea mara nyingi donge huyeyushwa na kemikali za jeraha lenyewe, wala si maji peke yake, na ndiyo maana siwezi kumlaumu kila mgonjwa. Hata kuhusu mirija ya kunywea, ambayo sote tunaikataza, ushahidi ni mwembamba; naikataza tu kwa sababu kuiacha hakugharimu kitu.

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu kati ya siku ya 2 na ya 4, pamoja na harufu mbaya, usikimbilie amoksilini ya duka la dawa, kwa sababu tundu kavu halitibiwi na antibayotiki. Tutalisafisha na kuweka dawa, ambayo mara nyingi ina mafuta ya karafuu, lakini usijimiminie mafuta hayo nyumbani, kwani huunguza fizi. Kama kinywa kinajaa damu mbichi hata baada ya kung'ata shashi kwa saa nzima, au una homa, au uvimbe unazidi baada ya siku ya 3, njoo siku hiyo hiyo. Ukishindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali usiku huo huo.