Kupima Vipuri Vidogo kwa Kamera: Kosa Huanzia Wapi

Ukibana kimpira cha kuzibia mafuta kwa kalipa, kinabonyea, na unachosoma ni kipimo cha mpira uliobonyea. Springi ya saa ya mkononi ndiyo mbaya zaidi: ukiigusa tu imeshahama. Vipuri vya namna hii tunavipiga picha, kisha programu inahesabu pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kamera yenye pikseli 2,500 kwa upana, ikitazama eneo la milimita 10, kila pikseli inachukua milimita 0.004. Ila ukingo kwenye picha haukatiki ghafla. Fuata mwangaza wa kila pikseli kwenye mstari mmoja unaotoka kwenye kivuli cha kipuri kuingia kwenye mwanga: 20, 22, 90, 190, 238, 240. Katikati ya giza na mwanga ni 130. Namba hiyo inaangukia kati ya 90 na 190, sehemu 4 kati ya 10 za njia, na hapo ndipo programu inapouweka ukingo. Kwa hiyo tunaweza kupima tofauti ndogo kuliko pikseli yenyewe.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kamera yenye pikseli nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, kamera ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Chukua rula ya kukuonyesha kila pikseli ni milimita ngapi, iliyolazwa mezani, lenzi ikiwa milimita 200 juu yake. Kando yake kuna kipuri chenye unene wa milimita 2, na ukingo unaoupima ni wa juu, kwa hiyo uko milimita 198 kutoka kwenye lenzi. Kilicho karibu huonekana kikubwa: upana wa milimita 10 utasomeka 10.1. Hizo ni pikseli 25 za uongo, na programu haitakuonya. Inua rula ilingane na ukingo huo, au tumia lenzi ya telesentriki, ambayo hupokea miale iliyo sambamba tu, hivyo kipuri kikipanda au kushuka kidogo ukubwa wake haubadiliki. Kioo chake cha mbele lazima kiwe kipana angalau kama kipuri, ndiyo maana lenzi hizi ni nzito.

Taa iwekwe nyuma ya kipuri, maana ikitoka mbele chuma humetameta na ukingo hupotea. Ikizidi ukali nayo hula kingo, na pini huonekana nyembamba kuliko ilivyo. Picha za simu zina tatizo lao: simu huzikoleza kingo zipendeze macho.

Joto je? Vipimo vya viwandani hutolewa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha pua cha milimita 10 kikiongezewa nyuzi 10 hurefuka takriban milimita 0.001, mara mia pungufu ya lile kosa la rula.

Kabla ya kipuri, piga picha ya kisahani cha duara ambacho kipenyo chake kimethibitishwa, pale pale, kwa taa ile ile. Kipime kwa mlalo na kwa wima. Vipenyo vikitofautiana, kagua kwanza kama kamera imeinama.