Google kukuonyesha wimbo sio ruhusa ya kuushusha

Juzi tena, kijana kaniambia kwa kujiamini kabisa: "Wakili, ingekuwa kosa kuushusha wimbo, Google isingeuleta." Nimeisikia hii mpaka nimechoka, kwahiyo naiandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Google inakuonyesha kilichopo mtandaoni, basi, haiulizi wimbo ni wa nani. Andika jina la wimbo ongeza "mp3" alafu shuka mpaka chini kabisa, mara nyingine utakuta kitangazo kwamba kuna majibu yameondolewa kwa malalamiko ya DMCA, ile sheria ya Marekani ya 1998. Yani wanasubiri mwenye mali alalamike ndo waondoe. Yaliyobaki hajayakagua mtu.

Kutafuta sio kosa. Kesi ipo kwenye nakala unayoitengeneza ukishusha.

Sasa hili neno "bure" ndo linanikera. Bure ni bei jamani, sio ruhusa! Msanii wa Bongo Fleva anaweza kuwapelekea mablogu wimbo mwenyewe ili usambae, hilo halina shida, lakini saiti hiyohiyo, kitufe kilekile, wimbo unaofuata wameunyofoa YouTube, wakabandika jina la saiti yao pale panapokaa jina la albamu, na hela ya matangazo wanakula wao. Kwa macho hutofautishi. Na hata msanii akisema chukueni, mtunzi anaweza kuwa mtu mwingine na rekodi ikawa ya prodyuza, haki mbili tofauti kwenye faili moja, ndo maana sheria yetu ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, inaitwa ya Hakimiliki (ya mtunzi) na Hakishiriki (ya wenye rekodi na waimbaji).

Alafu wenye saiti: "sisi tunaweka linki tu." Australia kuna bwana anaitwa Cooper, mwenye saiti ya mp3s4free, alisema hivyohivyo mahakamani, akashindwa 2005, akakata rufaa akashindwa tena 2006. Alijilinganisha na Google, jaji akakataa, Google ni ya kutafuta kila kitu, ile yake ilitengenezwa watu washushe nyimbo.

Kwa anayeshusha asikilize mwenyewe, hapo nakiri pana utata. Sheria yetu inaruhusu nakala ya matumizi binafsi kwa kazi iliyotolewa kihalali, na wapo mawakili wenzangu wanaoivuta mpaka kwenye faili la wizi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliikataa hoja hiyo 2014 na mimi nipo upande huo, ila siwezi kukuapia kwamba jaji wa kwetu atasema hivyo. Lakini ukishaurusha kwenye grupu la WhatsApp, ubinafsi umeisha, usinitajie tena hicho kifungu.