Karanga ikipita njia ya hewa, mara nyingi inaenda kulia. Sababu ni umbo la mti

Angalia mbuyu wakati wa kiangazi ukishapukutisha majani, afu angalia picha ya mto Rufiji kutoka juu pale unapojigawa kabla ya kuingia baharini, umbo ni lilelile, shina moja linatoa matawi, matawi yanatoa vijitawi. Mwilini nako lipo, kwenye mishipa ya damu, figo, kondo la nyuma, ila leo nataka tukae kwenye mapafu maana huko mti umepinduka, shina juu matawi chini.

Shina ni bomba la hewa, hilo gumu unaloligusa mbele ya shingo. Likifika kifuani linagawanyika mawili, kila tawi mawili tena, hivyohivyo kama mara 23 mpaka kwenye vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima anavyo kama milioni 300 mpaka 500, na kwa pamoja vinatoa eneo la karibu mita za mraba 70 ambapo hewa inakutana na damu. Mapafu yangekua mifuko miwili mitupu hata ngazi tusingepanda.

Sasa wazazi hapa ndo naomba mnisikilize. Matawi mawili ya kwanza hayalingani. La kushoto ni jembamba na limelala kidogo kuupisha moyo, la kulia ni pana na limenyooka zaidi kwenda chini, kwahiyo mtoto akipaliwa na karanga, punje ya hindi au shanga, mara nyingi inaishia kulia. Na njia zake bado nyembamba, karanga moja inatosha kuziba tawi zima. Chini ya miaka 5 msimpe karanga nzima jamani, msagieni.

Kinachoniumiza ni vile dalili zinavyodanganya. Mtoto anakohoa sana, baadae anatulia, nyumbani wanasema imetoka, kumbe imeshuka. Siku kadhaa mbele kikohozi kinarudi, kifua kinapiga filimbi upande mmoja, anatibiwa nimonia, anapata nafuu, kinarudi tena. Na eksirei karanga yenyewe kwa kawaida haiioneshi, sio mfupa wala chuma. Kwahiyo mwambie daktari alikua anakula nini na alipaliwa lini, hata kama ni wiki mbili zimepita, maana maelezo yako ndo yanaweza kumfanya aamue kupitisha kamera kwenye njia ya hewa na kuitoa.